Nyumba Isiyo ya Kudumu

Kisangani, tarehe 14 mwezi wa sita 2025

Yaya Aïcha,

Salaam aleikum. Kwa heshima yote ambayo leki, yaani mdogo, anampa dada yake mkubwa, na nikiwa nimesimama wima ninapoandika sentensi hii, ninakutangazia rasmi kwamba banda la bata la jirani yetu Henri limepewa namba na serikali. Ni namba 31, kwa rangi nyekundu, tarakimu zenye urefu wa mkono mzima. Bata wenyewe wameipokea habari kwa utulivu. Henri ameshindwa, anavaa koti tangu Jumanne.

Sisi hapa tuko wazima. Binti bado anakohoa usiku, lakini mchana anagombana na mimi vizuri kabisa, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Mashine za kushona za mji huu zinaendelea kuharibika, Mungu ashukuriwe, nami ninaendelea kuzitengeneza. Nimesikia goti lako limetulia. Kama halijatulia, usiniambie niliyesikia kwake ni muongo, maana nilisikia kwako.

Utauliza kwa nini ninaandika kama watu wa zamani wakati simu ipo. Ninaandika kwa sababu simu unaikata kila ninapofika kwenye neno "nyumba". Barua haikatiki. Unaweza kuichana, lakini Carlos, anayekuletea kwa pikipiki pamoja na mizigo yake ya sabuni, nimemwagiza angoje mpaka umalize kusoma, na nimemwambia utampa chai.

Sasa jambo lenyewe. Barabara ya kwenda uwanja wa zamani wa ndege, huku kwetu Simi-Simi, itapanuliwa, na viwanja vyote vya upande wetu vinachukuliwa. Serikali haituombi, inachukua. Lakini sheria inataka ilipe kwanza, na ilipe fidia ya haki. Tume imepita kupima. Mkubwa wao ni ingénieur Ruphin, mtu mpole, viatu vyake vina vumbi kama vya watu wengine. Alitueleza kwamba kwa watu wasio na cheti cha ardhi, yaani mtaa mzima, udongo wenyewe haulipwi. Udongo ni wa serikali, sisi tulikuwa tumeukalia tu. Kinacholipwa ni kile kilichosimama juu yake: nyumba, uzio, na miti inayozaa.

Basi akafika kwenye nyumba ya papa, akaupiga ukuta ngumi. Ukuta haukusema kitu. Yeye akakung'uta mkono, akaandika.

"Papa, hii nyumba iko ya udongo. Donc, si ya kudumu."

Nikamwambia babu yetu aliijenga wakati Wabelgiji bado wanapanga wabaki miaka mingapi, na kwamba wao wameondoka na nyumba ipo. Akasema miaka haina nafasi kwenye karatasi yake. Nafasi ziko mbili tu, ya kudumu na isiyo ya kudumu. Nikamwuliza, na banda la bata?

"Ile iko ya bloki na simenti. Ya kudumu."

"Lilijengwa Pasaka. Limeshapasuka."

"Bon. Iko ya kudumu iliyopasuka."

Ya kudumu hulipwa mara nne ya isiyo ya kudumu. Ndiyo maana ya koti la Henri.

Dawa ipo, ila robo yake inahitaji ruhusa yako. Henri anasema tukipaka simenti juu ya udongo, kwa nje tu, unene wa kidole, tukalalamika, tume itarudi kupima upya na itaona simenti. Kuta tatu ziko mikononi mwangu: wangu, wa marehemu Mohamadi na wa marehemu Nadia. Wa nne ni wako. Unaikumbuka amri ya papa: kila mtoto na ukuta wake, aukandike mwenyewe kila Shaaban kabla ya mfungo, na asiuguse wa mwenzake hata kwa kumsaidia. Sijaugusa wako. Nangoja neno lako.

Leki yako, Yunus


Banalia, tarehe 2 mwezi wa saba 2025

Yunus,

Aleikum salaam. Carlos alikunywa vikombe vinne na akala kwanga ya muhogo niliyokuwa nimeiweka ya jioni. Usimwagize tena kungoja.

Goti langu liko mahali pake. Mchele umevunwa vizuri, lakini magari hayafiki, kwa hiyo tunaula wenyewe na kunenepa bila faida. Mjukuu wangu Benie ameota meno mawili na ameanza kuyatumia. Binti achemshiwe tangawizi, anywe moto, halafu wewe unyamaze ili asiwe na sababu ya kupaza sauti.

Nimesoma barua yako mara mbili. Ingénieur alipiga ukuta upi? Hukusema. Umenieleza namba ya bata. Hukunieleza nyumba ya papa imepewa namba gani, wala kando ya namba hiyo wameandika jina la nani.

Mwambie Henri hao bata wake nawafahamu tangu mama yao.

Ni mimi, Aïcha


Kisangani, tarehe 20 mwezi wa saba 2025

Yaya mpendwa,

Tangawizi imefanya kazi. Binti amepata sauti ya miaka yake ishirini na anaitumia kukusalimu. Mimi nimeunguza kidole kwa pasi ya mteja, kidole cha kuandikia. Ukiona herufi zimelala, sababu ni hiyo.

Nyumba yetu ni namba 32. Ukuta aliopiga ulikuwa wa mbele, wangu. Kuhusu jina, ile nafasi ya jina kwenye karatasi yao ni nyembamba sana, Yaya, hujawahi kuona nafasi nyembamba kama ile. Iliandikwa familia, kwa kifupi.

Ungefika sasa usingeutambua mtaa. Tangu watu wasikie kwamba miti nayo inalipwa, tumekuwa msitu. Mtu aliyekuwa hana hata jani la pondu sasa anapita kwake kwa panga. Henri alikata matawi ya mti wa msafu akayachomeka ardhini kwa mstari, kama askari, na akayamwagilia maji watu wakiona. Ruphin aliposimama mbele ya mstari alishika tawi la kwanza akalivuta. Likatoka. Akampa Henri mkononi, kwa adabu, akaendelea na safari. Kwetu umeandikwa msafu mmoja, ule wa nyuma ya jiko, unaozaa kweli.

Nilimfuata Ruphin mpaka kwenye gari yao. Nilitaka anieleze, haki yenyewe ni nini. Akasema haki ni kwamba kwa kile unacholipwa uweze kusimamisha nyumba kama ileile mahali pengine. Nikamwambia basi anitafutie mtu wa kutuchimbia udongo wa kichuguu, wa kuukanyaga kwa miguu na nyasi zilizokatwa, na watoto wanne wa kuupaka kila mwaka kwa miaka themanini. Alitikisa kichwa kama mtu anayefikiri. Baadaye niliona alikuwa anatafuta ufunguo.

Nimepeleka malalamiko yetu. Ukilalamika, kipimo cha kwanza kinafutwa, na kitakachohesabiwa ni kile watakachokikuta watakaporudi mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo nimeanza simenti kwenye ukuta wa Mohamadi. Ukuta wako bado nangoja, na kungoja huku kunanifanya nionekane mbele ya fundi kama mtu asiye na kauli nyumbani kwake.

Yunus


Kisangani, tarehe 24 mwezi wa nane 2025

Yaya,

Carlos amekwenda na kurudi mara mbili, zote kwa mikono mitupu. Anasema ulimpa chai, ulisoma, ulimuuliza hali ya njia, ukaenda kugeuza samaki juu ya moshi. Ninakuandikia tena kwa sababu labda barua ililowa ukaogopa kuniambia.

Hapa hakuna jipya. Aimée, mke wa Henri, anakusalimu. Amekuwa mwimbaji mkuu kanisani na sisi Waislamu wa upande huu wa uzio tunafaidi mazoezi bila kulipia. Binti hakohoi tena. Sasa anasema nyumba ndiyo inayokohoa. Anasema tangu simenti ikauke kuta zinatoka jasho kwa ndani, na shuka zinanuka kama chumba cha benki. Nilimuuliza aliingia lini kwenye chumba cha benki. Amehamisha kitanda katikati ya chumba.

Kuta tatu zimekwisha. Kwa nje nyumba imependeza sana. Watu waliokuwa wanapita bila kugeuka sasa wanaisalimia. Mmoja aliniuliza ofisi inafungwa saa ngapi. Ukuta wako tu ndio umebaki na rangi yake, kama shati la zamani lililosahauliwa kwenye kamba. Sijauwekea hata mwiko.

Na kwa kuwa tunaongea kuhusu ukuta huo, niseme nilichokiona, bila kuuliza kitu. Ni miaka kumi tangu matanga ya papa, ambayo mimi na wewe hatuyaongelei, na tangu hapo hujaja kukandika. Lakini ukuta wako haujawahi kukosa udongo mpya. Kila Shaaban kuna siku moja ambayo mimi huenda Makiso kutafuta sindano za mashine, hata kama ninazo. Nikirudi jioni ukuta umekandikwa, Aimée ana udongo mpaka kwenye viwiko, na jikoni kwao kunanukia samaki wa Aruwimi, mto wenu. Mimi ni fundi wa mashine, Yaya, si mpelelezi.

Sema ndiyo. Mfuko mmoja tu wa simenti umebaki na unaanza kuganda.

Yunus


Banalia, tarehe 15 mwezi wa tisa 2025

Yunus,

Salaam. Benie alikuwa na homa, imepona. Samaki wamepungua mtoni. Goti limenishinda, nimeacha kwenda sokoni mwenyewe, msichana wa jirani ndiye anayeniuzia samaki wangu pale.

Barua zako zote zimefika kavu.

Carlos si mtu wa maneno, nilimvuta kwa chai. Aliniambia karatasi ya tume imebandikwa ukutani pale ofisi ya commune, na watu wanasimama kuisoma kama matokeo ya mtihani. Namba 31 wameandika Henri, mke wake Aimée na mama yake Henri ambaye yuko Isangi. Majina matatu. Namba 32 wameandika Yunus Abdulhamid. Nikamuuliza kama kuna neno familia. Akasema labda liko upande wa nyuma wa karatasi, na upande wa nyuma umegandishwa ukutani.

Nilikuwa sijakujibu kuhusu simenti kwa sababu hukuniuliza. Ulikuwa unataka uwe umeniuliza.

Unanieleza habari ya haki na ingénieur. Unataka nyumba ya papa ihesabiwe thamani yake, nami nataka hivyo hivyo. Lakini yeye ameisahau miaka ya nyumba, na wewe umenisahau mimi, halafu wewe ndiye unayeniletea hasira yako juu ya mwenzako huyo. Mwaka huu nilikuwa nimepanga kurudi. Si kwa matembezi. Nilikuwa nimemwambia mwanangu kwamba nikishindwa kutembea nitakwenda kukaa kwetu, chumba cha upande wa Henri, ukuta wangu mgongoni. Sasa kwetu ni namba 32, na namba 32 ni wewe.

Ukuta wangu usiuguse. Hilo ndilo neno ulilokuwa unalingoja.

Aïcha


Kisangani, tarehe 5 mwezi wa kumi 2025

Yaya Aïcha,

Natumaini homa ya Benie haikurudi. Goti likandwe kwa mafuta ya mawese ya moto. Binti mzima.

Mvua imeanza. Ni mvua nzuri, wakulima wanaisifu. Ilianza Jumatano, ikapumzika kidogo Alhamisi ili tuanike nguo, ikaendelea. Mto umepanda. Watu wa toleka wamefunga mifuko ya plastiki juu ya viti vya baiskeli na wanadai nauli ya paa. Nimeandika mistari yote hii kuhusu mvua, na utakuwa umekwisha kuelewa kwamba kuna kitu nyuma yake.

Ukuta wa Mohamadi umekaa chini. Sisemi umeanguka, maana haukuanguka. Ulikaa, kama mtu aliyechoka kusimama kwenye msiba. Ilikuwa Ijumaa, mimi nilikuwa msikitini na Binti alikuwa kwa Aimée, hakuna aliyeumia. Maji yalikuwa yameingia juu, chini ya mabati, yakakosa pa kutokea, udongo ukawa uji ndani ya simenti. Henri aliona. Anasema udongo ulishuka wote, na ganda la simenti likabaki limesimama peke yake kitambo kizima, kama sahani, likiwa la kudumu. Halafu nalo.

Tumeegemeza paa kwa miti. Ile ya Henri ya msafu imepata kazi.

Kuhusu zile habari zako nyingine, nafasi ya barua hii imekwisha.

Yunus

Nimeifungua tena kabla Carlos hajaondoka. Ukuta wa Nadia pia.


Banalia, tarehe 19 mwezi wa kumi 2025

Yunus leki yangu,

Mnalala wapi?

Nimempa Carlos samaki, kapu zima, na mchele. Mara hii si wa Aimée, ni wa Binti. Aimée atapata wake Shaaban kama kawaida.

Usipande juu ya paa. Una umri.

Aïcha


Kisangani, tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2025

Yaya mpendwa,

Salaam aleikum. Samaki walifika, na Binti aliwagawa mwenyewe, kwanza kwa Aimée, maana tunalala sebuleni kwao. Henri ametutendea vizuri mno. Ananiita mgeni wake wa serikali. Mashine za wateja zimo kwenye banda la bata, kwa kuwa ndilo jengo la kudumu tulilo nalo karibu. Bata wamehamia chini ya mabati yetu.

Ukuta wangu nao ulikwenda, mwishoni mwa mwezi uliopita. Tuliteremsha paa kabla halijashuka lenyewe. Sikupanda juu, alipanda Henri, mimi nilitoa maelekezo.

Tume ilirudi juzi. Ruphin alishuka kwenye gari na karatasi yake ya malalamiko, ambamo imeandikwa kwa mkono wangu kwamba nyumba namba 32 ni ya simenti na ina haki ya kuhesabiwa ya kudumu. Akatafuta nyumba. Alikwenda mpaka kwa jirani wa pili akarudi. Nilimwonyesha. Niseme ukweli, hakucheka, alivua kofia. Akauliza kama kuna mtu aliumia. Nikasema hakuna.

"Papa, kipimo cha kwanza kilifutwa. Wewe mwenyewe uliomba."

"Ndiyo, niliomba."

"Alors, nyumba siwezi kuandika. Nyumba haiko."

Akapiga mstari juu ya namba 32, polepole, kwa rula. Akaandika msafu mmoja, unaozaa, ukawa wangu. Halafu akageuka akauona ukuta wako. Yaya, ulikuwa umesimama wote, mzima, na udongo wa Aimée wa Shaaban, hata alama za vidole vyake zinaonekana pale chini karibu na mfereji. Mvua zote zile ziliuosha tu. Ruphin aliusogelea, safari hii hakuupiga, aliugusa kwa kiganja. Akarudi kwenye karatasi yake na akawa na shida, kwa sababu ukuta mmoja hauna nafasi. Wenzake walikuwa wanamwita kwenye gari.

"Ukuta mumoja si nyumba," akaniambia. "Nitaandika uzio."

"Uandike."

"Uzio wa nani?"

Nafasi ya jina ilikuwa ileile nyembamba. Nikamwambia aandike Aïcha binti Abdulhamid, wa Banalia. Aliandika kwa herufi ndogo, likaingia lote. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka alipomaliza, kisha nikamwomba aongeze kwamba uko hai na utakuja mwenyewe kuweka kidole kwenye karatasi ya malipo, ili asije mtu akakuwekea. Akaongeza.

Mstari wa barabara utapita juu yake baada ya malipo. Wanasema kabla ya mfungo, kwa hiyo Shaaban hii hapatakuwa na kukandika. Henri anasema mpaka siku hiyo chumba cha nyuma kwao kiko wazi na hakina ngazi. Carlos anaweza kukuchukua polepole, nimemwonyesha namna ya kufunga mto kwenye kiti.

Nilimuuliza Ruphin utalipwa vipi. Uzio hulipwa kwa mita. Wako una mita saba.

Leki yako, Yunus